Mama wa Matanga Mjini Cartagena

Mara ya kwanza kumwona, aliingia kwangu kwa mlango wa jikoni, sufuria kichwani, bila hodi. Tulikuwa tumefiwa. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyetuleta Johannesburg mimi na mume wangu, alikuwa amekata roho hospitalini asubuhi ile, na mtaa mzima wa Turffontein tulikoishi hatukumjua mtu zaidi ya mwenye nyumba. Mume wangu alisimama katikati ya sebule ameshika simu, hajui ampigie nani. Yule mama akatua sufuria yake, akavua viatu, akaniuliza, "Marehemu alikuwa nani yako?"

"Kaka."

"Basi weye ukae chini, ulie. Mimi niko hapa."

Nikamuuliza nani amemwita. "Nimesikia," akasema, akaanza kufungua makabati akitafuta chumvi.

Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu, mashariki mwa Kongo. Watu kwake walikuwa batu, vitu vilikuwa bitu. Alikuwa Mkristo na sisi Waislamu wa Tanga, na alipoambiwa kwamba mazishi ni alasiri ileile alitutazama kama tumerukwa na akili. "Nyinyi batu ba pwani," aliniambia baadaye, tulipokuwa tumezoeana, "munazika mutu kama anachelewa basi." Lakini siku ile hakusema neno. Alifagia uani, akapika wali wa kutosha watu ambao hatukujua watatoka wapi, na watu wakaja, kwa sababu yeye alikuwa amewaambia.

Wakongo, Warundi, Watanzania, sote tulimwita Mama wa Matanga. Jina lake hasa nililiona miaka mingi baadaye kwenye pasipoti yake, na hapa sitaliandika, kwa kuwa hakuna aliyelitumia. Ukoo wake sikuuliza. Nilijua tu kwamba ni mjane, kwamba anauza samaki wakavu na unga wa muhogo kwenye banda karibu na Rosettenville, na kwamba mtu yeyote mwenye Kiswahili kinywani akifa upande ule wa mji, yeye atakuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Matanga kwake yalikuwa na sheria. Redio izimwe. Simu zikae mifukoni. Vijana waliokusanyika nje kuongea mpira aliwatawanya kwa ufagio, na si kwa mzaha. Niliwahi kumsikia akimwambia mhubiri aliyekuwa amenogewa na mahubiri yake, "Pasta, fupisha. Mujane hajala tangu jana." Mhubiri akafupisha. Mtu aliyethubutu kucheka alitazamwa mpaka akatafuta sababu ya kwenda dukani.

Mama hakumshika mfiwa mkono. Alikaa naye sakafuni akamshika mguu, juu kidogo ya kifundo, akatulia hivyo saa nzima. Nilipomuuliza kwa nini mguu, alinijibu kana kwamba ni jambo la wazi kabisa. "Mukono unataka kufanya kazi. Muguu ndio unataka kukimbia."

Huyohuyo mama aliyezima redio za watu alikuwa na starehe moja, nami niliigundua kwa bahati. Saluni yangu ya kusuka nywele haikuwa mbali na uwanja wa mbio za farasi. Siku ya mashindano nilitoka kununua soda, nikamwona amesimama kwenye uzio na gauni lake jeusi, vidole vimeshika waya, anatazama farasi wakizungushwa kabla ya mbio. Hakuwa akicheza kamari. Hakujua hata farasi yupi ni wa nani. Alikuwa akitabasamu peke yake. Aliponiona, tabasamu likafutika. "Eish," akasema, "nilikuwa ninapita tu." Tukarudi pamoja mpaka kwenye robot, taa za barabarani, na sikumtaja farasi tena kwa miaka.

Alikuwa na mtoto mmoja, kijana mrefu, mpole, aliyefanya kazi ya ulinzi kwenye jengo la ofisi kule Randburg. Kijana huyu alikulia ndani ya misiba ya watu. Nyumba yao ndiyo iliyotunza masufuria makubwa na magodoro ya wageni wa msiba, na mara nyingi wafiwa wenyewe walilala pale, kwa kuwa nyumba zao zilikuwa chumba kimoja. Jumamosi moja nilikuwa pale namsaidia mama kuchambua sombe, majani ya muhogo, kijana akarudi kutoka kazini akakuta watu asiowajua wamelala kitandani kwake. Alisimama mlangoni na sare yake ya kazi.

"Mama," akasema, "kila mutu akikufa, unajua alikuwa anapenda kula nini. Mimi unajua ninapenda nini?"

Mama hakuinua kichwa. "Batu bamefiwa."

"Hapa kila siku bamefiwa. Sijasikia mutu akicheka mu nyumba hii tangu nikiwa mutoto."

"Basi tafuta nyumba yenye kucheka," akasema mama. Alisema bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mwingine duka la jirani. Kijana akageuka akatoka.

Haukupita mwaka akaondoka, njia waliyopita vijana wengi wa hapa: ndege mpaka Brazil, kisha mabasi na miguu kuelekea kaskazini, nia ikiwa Marekani. Hakufika. Aliishia Kolombia, katika mji wa pwani uitwao Cartagena, mji wa kale uliojengwa na Wahispania na kuzungushiwa ukuta wa mawe. Akapata kazi ya kupaka rangi nyumba, akaoa, akapata mtoto wa kike. Mama alituonyesha picha za mjukuu kwenye simu, upesi upesi, akaifunga simu kama mtu anayeogopa kuonekana na kitu cha thamani.

Kisha siku moja alipigiwa simu na mwanamke anayesema Kihispania. Mama hakujua hata neno moja la lugha ile. Aliniambia alielewa kabla yule hajamaliza sentensi ya kwanza. "Ile sauti ninaijua. Nimeisikia mu nyumba nyingi." Kijana alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi kibaraza cha ghorofani. Akaanguka.

Matanga yale hakuna aliyejua kuyaendesha. Tulikaa tumejazana pale sebuleni, kila mtu akimsubiri mwingine, mpaka mama mwenyewe akainuka kupanga nani apike na nani akae mlangoni. Aliosha vyombo kwenye msiba wa mwanawe. Nilimvuta akaketi, nikamshika mguu kama nilivyomwona akiwashika wengine. Aliniacha kidogo. Halafu akauondoa, polepole, akarudi jikoni.

Huko wakamzika wenyewe. Zaidi ya mwaka ulipita mama hajamtaja. Siku aliyokuja saluni kuniambia anakwenda kuona kaburi, niliuliza anakwenda na nani wa kanisani. "Bale batalia njia nzima," akasema. "Weye unajua kunyamaza." Ndivyo nilivyopata kwenda Cartagena, mimi niliyedhani safari yangu ya mwisho ilikuwa ile ya kutoka Tanga.

Joto lilitupokea mlangoni mwa ndege. Joto lenye unyevu, linalonata shingoni, na harufu ya chumvi ndani yake. Nilikuwa sijavuta hewa ya namna ile miaka mingi, na machozi yakanitoka, mimi niliyechukuliwa kwa kunyamaza. Mkwe wake alikuja kutupokea na mtoto. Alikuwa mwanamke mweusi, mfupi, mwenye macho yaliyochoka. Alizungumza na simu yake, simu ikageuza Kihispania kuwa Kiingereza, nami nikageuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Kwa njia hiyo ndefu mama alipata maneno ya kwanza ya mkwe: "Amefanana na wewe, huyu mtoto. Baba yake alisema hivyo kila siku."

Makaburini tulikwenda asubuhi iliyofuata. Kule maiti nyingi haziwekwi ardhini. Zinaingizwa kwenye matundu ya ukuta mweupe, moja juu ya jingine, na kila tundu limezibwa na bamba lenye jina. Mama alitazama jina la mwanawe, lilikuwa usawa wa kifua chake.

"Bamemuweka mu kabati," akasema.

Sikutafsiri. Mkwe alielewa hata hivyo, akaanza kulia, na mama akageuka akafanya alichojua kufanya: akamkalisha chini kwenye saruji, akamshika mguu. Yeye mwenyewe hakulia. Mtoto aliketi kando yao akipanga mawe.

Siku ya pili yake mama akasema anataka kuiona nyumba alikoanguka mwanawe. Mkwe hakutaka. Mama akasisitiza, kwa hiyo tukaingia ndani ya ukuta wa mji wa kale.

Sijui nilitarajia nini. Nilijua neno moja tu, ukoloni, na neno hilo halikunitayarisha kwa mji ule. Vichochoro vyembamba, nyumba za njano, za bluu, za rangi ya udongo, kila moja na kibaraza cha mbao kinachoning'inia juu ya njia, na maua mekundu yakimwagika kutoka vibarazani mpaka karibu yaguse vichwa vyetu. Milango mikubwa kama ya Mji Mkongwe, na kwenye kila mlango chuma cha kubishia hodi: mjusi, samaki, kichwa cha simba. Mjukuu alikimbia mlango hadi mlango kutuonyesha. Mama, ambaye hakuwa na neno moja la kumwambia mtoto yule tangu tulipofika, alinyoosha kidole. "Samaki," akasema. Mtoto akarudia. Mlango uliofuata, "Mujusi." Mtoto akarudia, akacheka, akamvuta mkono kwenda kwenye mlango mwingine. Kwa simba hakuhitaji kufundishwa. Neno hilo alilijua tayari, la filamu ya katuni, akaliimba kwa sauti iliyojaza kichochoro.

Basi tukaifikia nyumba yenyewe tukiwa hatujajiandaa. Mkwe alisimama tu. Ilikuwa ya njano, kibaraza chake cheupe kipya. Wageni wawili, mume na mke, walikuwa wakipigana picha mbele yake. Mama aliwasubiri wamalize. Kisha akasogea, akaweka kiganja ukutani.

"Hii rangi ni yake?"

Mkwe akasema ndiyo, upande wote wa chini aliumaliza. Na ile ya bluu kule kwenye kona. Na nyingine mbili nyuma ya kanisa.

"Ni nzuri," mama akasema, na sauti yake ilijaa hasira kiasi kwamba wale wageni waligeuka kutazama. "Ni nzuri sana. Kwa nini iko nzuri hivi?"

 Gari la kukokotwa na farasi likapita kwa kishindo limebeba watalii, na mama, macho yamejaa maji, akafoka kwa Kiswahili, "Umwangalie ule farasi, mbavu inje! Farasi ba Turffontein banashiba!" Mwendeshaji akavua kofia yake, akidhani anasalimiwa.

Tuliketi kwenye uwanja ulio karibu na lango kubwa, ambako wanawake wamepanga visahani vya peremende za nazi chini ya matao. Mkwe alizungumza na simu muda mrefu. Alitueleza kwamba uwanja ule ndipo walipouzwa watu waliovushwa bahari kutoka Afrika, na kwamba wengi wa mababu zake, kwa jinsi bibi yake alivyomwambia, walitoka Kongo. Ukuta ule unaouzunguka mji waliujenga wao.  Nilipomaliza kumweleza, mama akaanza kuimba wimbo wa matanga, ule wanaouimba jeneza linapotoka, chini chini, akiyumba. Watalii walipita. Muuza peremende mmoja, mwanamke wa makamo, aliacha kupanga visahani vyake akasimama wima mpaka wimbo ukaisha. Halafu akaja na kipande cha nazi kwenye karatasi, akamwekea mama mkononi.

Mama hakutaka kula. "Hapa? Mahali bameuzisha batu?" Mjukuu akamtazama, akakimega kile kipande, akamlisha bibi yake kwa vidole. Alikula akilia. Mimi nilitazama pembeni.

Kilichofuata kilianza na matunda. Alitokea mwanamke mnene, gauni la rangi tatu, beseni la maembe na mapapai kichwani, anatembea mikono ikining'inia kama hakubeba kitu. Alipomwona mama alisimama ghafla, akatua beseni, akamwongelesha kwa maneno mengi, ya haraka, yenye malalamiko ndani yake. Mkwe akaniambia amemfananisha na shangazi yake wa kijijini na anamuuliza kwa nini haji kuwatembelea. Kabla sijatafsiri mama naye alishaanza kujibu, kwa Kiswahili, kwamba magoti yanamuuma na Johannesburg ni mbali. Yule akamjibu. Mama akamjibu tena. Walibishana hivyo kama ndugu waliokutana sokoni, kila mmoja na lugha yake, mikono ikipaa, mpaka wote wawili wakagundua kwa wakati mmoja kwamba hawaelewani hata kidogo.

Mama akacheka.

Nilikuwa nimemjua zaidi ya miaka kumi na sijawahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa nyembamba, ya kitoto, haikufanana na kifua kile kipana. Alicheka mpaka akashika magoti, na yule muuza matunda alicheka akampigapiga mgongoni, na mjukuu akacheka kwa sababu wamecheka. Kisha nikaona hofu ikimpanda mama usoni. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nimecheka," akaniambia. "Jana nilikuwa kwa kaburi yake."

Tulipanda juu ya ukuta kupunga upepo, jua likiwa bado juu. Mama aliketi mbali nasi, amegeukia bahari. Mkwe alinong'ona na simu yake, akafuta, akaanza tena, kisha akanikabidhi niisome. Simu ilikuwa imeandika kwamba mume wake alimleta pale kila Jumapili, na watu wakipiga ngoma kule uwanjani alicheza vibaya makusudi ili awachekeshe watoto. Alimwambia mkewe kuwa mama yake ndiye aliyemtuma. "Alisema, mama yangu aliniagiza nitafute nyumba yenye kucheka. Na alisema, nikipata nafasi, nitamleta."

Nilimweleza mama maneno hayo kama yalivyo. Alinifanya nirudie. Ndipo alipolia, kwa sauti, jinsi wanavyolia kwao, na mkwe akaketi kando yake, na mimi nikakaa na mtoto.

Siku zilizobaki mama alizitembea. Sina neno jingine. Alikula ndizi za kubonda na kukaanga akasema Kivu wanakosea kuzipika. Aliingia makanisa yote, akalalamikia sanamu, akarudi kuziangalia. Jioni vijana walipopiga ngoma uwanjani, mabega yake yalianza kwenda yenyewe chini ya gauni jeusi, na safari hii aliyaacha.

Turffontein wanawake wa kanisa walimsubiri nyumbani kwake na vitambaa vichwani, tayari kulia naye. Alieleza kuhusu kaburi, wakalia. Alieleza kuhusu mkwe, wakalia. Kisha akasema, "Na muji ule ni muzuri." Wakanyamaza. Akaendelea: vibaraza, maua, muuza matunda. Nilitamani anyamaze. Mmoja, rafiki yake wa siku nyingi, akamkatiza.

"Mama, ulienda kwa kaburi ao ulienda vakansi, kujifurahisha?"

Alifikiri. "Byote," akasema.

Neno hilo lilizunguka mtaa mzima. Wapo waliosema huzuni imemharibu kichwa, wapo waliosema amejisahau. Watu wawili watatu walifiwa wasimwite, na yeye akaenda vilevile, akaingia kwa mlango wa jikoni. Redio aliendelea kuzizima. Vijana wa mpira aliendelea kuwafukuza. Nilichokiona tofauti ni kwamba watoto wakicheza na kupiga kelele uani siku ya msiba, na mtu akainuka kuwanyamazisha, mama alimwambia, "Baache."

Sasa magoti yamemshinda. Binti wa dada yake amemchukua Randburg, kwenye fleti ya ghorofa ya pili, na misibani haendi tena. Kipindi cha baridi kilichopita nilikwenda kumwona. Nilimkuta amekaa dirishani kwenye jua, blanketi miguuni, na mwanamke kijana wa kanisani amepiga magoti mbele yake. Mzee mmoja wa kwao alikuwa amefariki, na yule kijana ndiye aliyepewa kazi ya kuendesha matanga. Mama alimweleza nani apike, nani alale na mjane, mhubiri gani asipewe nafasi ya kwanza. Kijana aliitikia, akabusu mkono wake, akaondoka mbio.

Tulikunywa chai. Nilikuwa na swali nisilojua niliulize vipi, nikaliuliza tu.

"Na yako, Mama? Siku ikifika, sisi tufanye nini?"

Nilidhani ataniambia tucheke, tupige ngoma, kitu cha namna hiyo. Alinikazia macho yaleyale yaliyokuwa yakiwapeleka watu dukani.

"Mulie," akasema. "Mulie sana. Usibaache bazungumuze mupira pale. Mimi nimelilia batu bengi, ninataka kuliliwa."

"Sawa, Mama."

"Mulie mpaka muchoke. Kisha muende kutembea."

"Wapi?"

Aligeukia dirisha, akatafakari kwa dhati, kama mtu anayechagua kweli.

"Hata hapo Newtown, mujini," akasema. "Lakini muvae bizuri."